Bawa la upepo lilibeba Arusha, Moshi likakunjika: kisa chote kilivyokua

Jozi ya sita ya pakiti za chumvi ndo ililaza bawa. Ilikua saa moja na robo asubuhi, mwezi wa tisa, uwanja wa shule moja Moshi upande wa chini kule barabara inaelekea mashamba ya miwa, mpwa wangu anaweka pakiti mi naandika kwenye daftari, na pembeni amesimama mzee mwenye shamba la mahindi ambae ndo tulimfata ili aone. Bawa halikupasuka na wala halikutoa sauti yoyote, lilijikunja tu pale karibu na katikati kama mtu anaekaa chini taratibu, chumvi zikamwagika kwenye nyasi. Mzee akauliza kwa upole tu, "sasa hili likiwa juu?" Na mi sikua na jibu.

Bawa lenyewe ni la droni, la kitambaa linalojazwa upepo, na chumvi ndo ulikua mzigo wa kulipima. Naandika kisa kizima kwa sababu tulichukua siku tisa kujua nini kilitokea, na katikati ya izo siku tulimkosea mtu, na jibu lenyewe lilikua kwenye mlango wa gari muda wote.

Mi kazi yangu ni mahema. Nina karakana Unga Limited hapa Arusha, tunashona mahema ya safari, tunakarabati ya mlimani, maturubai ya malori, na miaka ya karibuni tunaletewa na zile nyumba za upepo ambazo watoto wanarukia kwenye bethidei, zikichanika tunaziba. Mpwa wangu amesoma mambo ya ufundi umeme, likizo akaja akanikuta naziba moja ya izo nyumba akasimama akaangalia ile nguzo ya upepo, unene wa kama gogo, watoto wanaigonga haianguki, akaniambia mjomba hii ni boriti. Boriti ya upepo. Na kama ni boriti basi inaweza kua bawa.

Nilidhani utoto. Akanionyesha kwamba watu walishafanya zamani sana, kampuni ya Goodyear ya Marekani, hawa hawa wa matairi, mwaka 1956 walitengeneza ndege nzima ya upepo ndani ya wiki 12, mabawa, mwili, mkia, vyote raba na nailoni, wakaiita Inflatoplane. Wazo lilikua kwamba rubani wa jeshi akianguka nyuma ya adui unamdondoshea kifurushi, anakijaza upepo kwa kama dakika tano, anawasha injini anaondoka. Presha ya ndani ilikua 25 psi tu (psi ni kile kipimo cha presha wanachotumia kwenye matairi), yaani chini ya tairi ya gari ndogo. Zilijengwa 12, mradi ukaja kufungwa 1973. Na sio kwamba zilikua za maonyesho, ziliruka kweli kweli na mtu ndani.

Kitu ambacho kilinishika mimi kama fundi wa vitambaa ni lile bawa lao. Bawa la ndege linatakiwa liwe bapa, na upepo ukiujaza kwenye mfuko unataka kua duara, ndo tabia yake, mfuko wowote ukiujaza unavimba katikati. Wao walichukua vitambaa viwili vya nailoni, cha juu na cha chini, wakaviunganisha kwa nyuzi nyingi sana zilizosimama katikati, maelfu, kila uzi urefu wake umepimwa, kwaiyo ukijaza upepo vitambaa vinataka kuachana ila nyuzi zinavishika palepale zilipokatwa. Wakaiita Airmat. Ukiona siku izi zile mbao za kupigia kasia ziwani ambazo zinajazwa upepo na bado ziko bapa, ndani yake ni hicho hicho. Kwa mashine zangu siwezi kushona ile kitu, nasema wazi.

Kwaiyo sisi tukachukua njia nyingine, ya mirija. Bawa letu ni la droni, sio la mtu. Urefu mita tatu ncha hadi ncha, na lengo ni kwamba lote likunjwe liingie kwenye begi la mgongoni, ukapande nalo bodaboda mpaka shambani, kwa sababu droni ya bawa refu ndo inakaa hewani muda mrefu na kupiga picha eneo kubwa, lakini bawa refu la mbao au la foamu nani atalibeba kwenye bodaboda barabara za vijijini. Ndege nzima na betri yake tulilenga kilo tatu na nusu.

Mirija mitano imelala sambamba, kila mmoja kipenyo sentimita kumi. Kila mrija una vitu viwili kama baiskeli, tyubu na tairi. Tyubu ni plastiki laini ambayo kazi yake ni kushika upepo usitoke basi, haina nguvu yoyote. Tairi ni nailoni iliyoshonwa, yenyewe ndo inashika nguvu, upepo haiuzuii hata kidogo. Ukichanganya izi kazi mbili utapata shida, na hata ndugu wawili wa Ufaransa, Legaignoux, waliosajili mwaka 1984 ile tiara ya kuvutia watu juu ya maji yenye mbavu za upepo, mbavu zinazotumika leo ni hivyo hivyo, puto ndani na kitambaa nje. Juu ya mirija tukavisha kitambaa chepesi cha kuipa umbo la bawa.

Kushona alishona mama mmoja ambae yupo karakana kuliko mimi, nilimkuta pale. Mshono wake kwenye hema la mlimani sijawahi kurudishiwa. Huyu mama mumuweke akilini.

Jaribio la kwanza tulilifanya karakana, mchana. Unageuza bawa juu chini, kwa sababu angani upepo unalisukuma kwenda juu na wewe duniani unachonacho ni uzito wa kwenda chini, kwaiyo unaligeuza ili liteseke upande ule ule. Katikati unalibana kwenye stendi ya mbao. Alafu unapanga pakiti za chumvi za nusu kilo mbili mbili, moja kulia moja kushoto, kila jozi ni kilo moja. Tulitaka lifike kilo saba, maana ndege ikilala nyuzi 60 kwenye kona bawa linabeba mara mbili ya uzito wake, na tatu na nusu mara mbili ni saba. Presha tulijaza 4 psi kwa geji, kile kidude cha kupimia presha. Jozi saba zikakaa. Bawa likapinda kidogo likatulia, hakuna hata kunyanzi moja. Mpwa wangu alinikumbatia, na mi nilifurahi sana, kwanini nisiseme.

Kesho yake alfajiri saa kumi na moja tukalifunga juu ya keria likiwa limejaa vilevile, tusipoteze muda wa kujaza kule, tukashuka Moshi. Usa River, Kikatiti, njia panda ya KIA, Boma, kilometa kama 80. Geji ilibaki mezani karakana. Hatukuona kama ni kosa, tuliijaza jana, tulibonyeza kwa kidole gumba ikawa ngumu.

Sasa jaribio la Moshi lilivyoenda, na hapa naomba msome polepole maana ndo penyewe. Jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, bawa lilipinda sawasawa kabisa na Arusha. Tulikua na rula pembeni ya ncha, namba zilikua zilezile za daftari la jana. Jozi ya nne vikatokea vikunyanzi vidogo upande wa juu pale karibu na stendi, upande ambao kitambaa... ngoja nisikosee, bawa limegeuzwa, ncha zinavutwa chini, kwaiyo juu ndo panavutika na chini ndo panabanwa, vikunyanzi vilikua chini, upande wa kubanwa. Mpwa wangu ndo alivihisi kwa mkono. Jozi ya tano ncha ikashuka kuliko ilivyotakiwa, mara mbili hivi. Ya sita likalala.

Mzee alitupa chai na hakutusema. Tukafunga bawa juu ya keria, likiwa bado limejaa, hatukugusa vali, tukarudi kimya kimya.

Tulipofika karakana ilikua saa nane mchana, mabati yanawaka. Kitu cha kwanza nikachukua geji nikapima. 3.7.

Hapo ndo tulipotea njia. Kwa sababu tulifikiri, na ukifikiri haraka utaona kama tulikua sahihi, kwamba presha jana ilikua 4, leo ni 3.7, hiyo 0.3 imetoka wakati wa kuchomeka geji na kidogo ya kuvuja, kwaiyo upepo upo, upepo hauna kosa. Tukaosha mirija yote mitano kwa povu la sabuni, hakuna pancha. Kama sio upepo basi ni kitambaa, na kama ni kitambaa basi ni mshono umeteleza. Nikampigia yule mama simu, siku ya mapumziko yake, nikamuuliza kwa ukali alitumia uzi gani. Akanyamaza kidogo akasema, "baba, uzi ni uleule wa mahema." Akakata.

Siku nne tulifumua na kupima mishono. Tulikata kipande cha mshono upana sentimita tano, tukakibana juu, chini tukaning'iniza ndoo ya maji ya lita ishirini, kikakaa usiku kucha. Sasa angalia hesabu: mrija wa upepo unavuta kitambaa chake kwa presha mara nusu ya kipenyo, ndo kanuni ya chombo chochote cha duara chenye presha, tairi, mtungi, bomba. Kwa 4 psi na sentimita tano inakuja kama kilo 1.4 kwa kila sentimita moja ya mshono. Ndoo yetu ilikua inavuta kilo 4 kwa sentimita. Mshono wa mama ulikua na nguvu karibu mara tatu ya kinachohitajika. Haukuteleza, na usingeteleza. Kwaiyo tukabaki na bawa zima, upepo mzima, mshono mzima, na bawa limelala Moshi mbele ya watu.

Siku ya tisa alikuja mgumu mmoja, mpagazi wa mlimani, ameleta hema zipu imekufa. Wakati anasubiri anaongea habari za mlimani kama kawaida yao, akasema wageni huwa wanapiga picha chupa zao, chupa ya maji tupu imefungwa kileleni, ikifika getini imebonyea kama imekanyagwa. Anaongea kwa kupita tu. Mpwa wangu akatoka nje mbio. Nikasikia mlango wa gari. Akarudi na chupa ya lita moja na nusu, ile tuliyomaliza maji kabla hatujatoka Arusha tukaifunga tukaiweka mlangoni, akasema mjomba hii chupa Moshi ilikua imebonyea, niliiona nikadhani umeikalia. Na sasa ilikua mkononi mwake, Arusha, imenyooka.

Nilikaa chini. Sote tunajua hewa huko juu ni nyepesi, kila mtu aliezaliwa chini ya huu mlima anajua, kileleni mita 5,895 presha ya hewa ni kama nusu ya ile ya baharini. Ila nani anafikiria kwamba Arusha na Moshi nazo ni mlima na bonde. Arusha mjini ni mita kama 1,400. Pale tulipokua Moshi ni kama 800. Hewa ya nje Arusha inakandamiza kwa kama 12.4 psi, Moshi kwa kama 13.3. Tofauti ni 0.9. Na geji, hiki ndo kitu cha kushika, geji haipimi presha iliyopo ndani, inapima ya ndani imezidi ya nje kwa kiasi gani. Bawa vilevile. Kitambaa hakijui ndani kuna nini, kinajua tofauti tu.

Hesabu yote iko hivi. Arusha mchana chini ya mabati joto lilikua nyuzi 34. Geji 4, nje 12.4, jumla ndani 16.4. Usiku likapoa, alfajiri likapigwa na upepo wa barabara juu ya keria, Moshi saa moja asubuhi nyuzi 16. Upepo uliofungiwa ukipoa presha inashuka, fizikia ya sekondari, ila lazima uhesabu joto kuanzia sifuri halisi, yaani unaongeza 273 kila upande. Kwaiyo 307 inakua 289, na 16.4 inakua 15.4. Toa nje ya Moshi 13.3. Inabaki 2.1.

Mbili nukta moja. Tulijaza nne. Hakuna hata tone la upepo lililotoka na bawa limepoteza karibu nusu ya nguvu yake, baridi imechukua 1 na mteremko umechukua 0.9. Alafu tukalipandisha tena Arusha, mchana, chini ya mabati, likajirudishia lenyewe, na sisi tukapima pale tukaliona zima. Geji haikutudanganya hata kidogo. Ilijibu swali la Arusha saa nane mchana, na sisi tulikua tunauliza la Moshi saa moja asubuhi.

Lakini bado kulikua na kitu kinanisumbua. Kama presha ilikua nusu, kwanini jozi tatu za kwanza bawa lilipinda sawasawa na jana? Si lingetakiwa kua laini tangu pakiti ya kwanza? Hili ndo lilinifanya nikatae maelezo ya chupa kwa siku nzima, na nililielewa kwa kuangalia hema, sio kwa karatasi.

Simamisha nguzo moja, ifunge kamba mbili, kulia na kushoto, zikaze. Sukuma nguzo kwenda kulia. Kamba ya kushoto inakaza zaidi, ya kulia inapungua kukaza, ila bado imekaza. Zote mbili zinafanya kazi, nguzo inakataa kwa nguvu ya kamba mbili. Sasa uzifunge kwa kukaza nusu tu. Sukuma kidogo. Nguzo inakataa vilevile, kwa sababu kamba ni zilezile, uzi uleule, hazijui zilikazwa kiasi gani. Endelea kusukuma, inafika mahali kamba ya kulia inalegea kabisa, inaning'inia, na kuanzia hapo unapambana na kamba moja. Kukaza sana hakuifanyi nguzo iwe ngumu zaidi mwanzoni, kunachelewesha tu ile siku ya kulegea.

Kitambaa cha mrija ndo izo kamba. Kitambaa hakiwezi kusukumana, kinajua kuvuta tu. Upepo wa ndani ndo unakivuta mapema pande zote, ukiweka mzigo upande mmoja unavutika zaidi na wa pili unapunguza, na siku upande wa pili unafika sifuri, kunyanzi. Mkunyanzi wa kwanza ndo kamba imelegea. Kabla ya hapo ugumu wa bawa unatoka kwenye nailoni, sio kwenye presha, ndo maana rula ilitoa namba zilezile. Na ndo maana kidole gumba hakikutusaidia, 2.1 bado ni ngumu kwa kidole.

Ukitaka namba, mrija wa duara unaanza kunyanzi pale mzigo wa kuupinda unapofika pai mara presha mara nusu-kipenyo kikizidishwa mara tatu chenyewe kwa chenyewe, gawa kwa mbili. Mirija yetu mitano kwa 4 psi inakuja kama kilo 8 za chumvi. Kwa 2.1 inakuja kama 4.2. Rudi kwenye daftari, jozi ya nne. Niliposoma ile mistari miwili pembeni kwa pembeni, hesabu ya leo na mwandiko wangu wa siku ile, mikono ilitetemeka. Na kulala kabisa kinadharia ni mara mbili ya hapo, ila bawa la kweli lina viungio na kitambaa kilichoshonwa, halifiki, letu lilikubali sita.

Angalieni pia ile nusu-kipenyo mara tatu. Ukiongeza presha mara mbili unapata nguvu mara mbili. Ukiongeza unene wa mrija mara mbili unapata mara nane. Kwaiyo mtu anaetaka bawa la upepo limbebe, kimbilia unene kabla ya presha, ndo maana mabawa ya upepo yote ukiyaona ni manono kama godoro. Na unene una gharama yake, bawa nono linakokotwa na hewa, ndo maana ndege izi ni za polepole.

Baada ya hapo ndo nilielewa kwanini wale wa Goodyear injini yao ilikua na kazi mbili. Haikuzungusha propela tu, ilikua inaendesha na pampu iliyokua inaongeza upepo kwenye ndege muda wote inaruka. Mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya kuvuja na matundu ya risasi, na kweli ilikua inaweza kutobolewa matundu kadhaa ikaendelea. Ila nikifikiria ndege inayopaa asubuhi ya baridi, inapanda juu, inashuka, bila pampu presha ya bawa isingekaa namba moja hata dakika kumi. Na hata hivyo bado kuna rubani wa jeshi alifariki kwenye majaribio, waya wa usukani ulitoka kwenye roda ukakwama, ndege ikazidi kujikunja kwenye kona mpaka bawa moja likakunjika juu ya propela. Kona ndo ile ile hesabu ya mara mbili, na ikikazana inakua mara tatu, nne. Kwaiyo mtu akiniambia ni droni tu mjomba, nasema hapana, droni inaanguka juu ya mtu.

NASA nao mwaka 2001 walijaribu ndege ndogo isiyo na rubani ambayo mabawa yake yanajazwa nitrojeni ikiwa tayari hewani, inadondoshwa imekunjwa na bawa linafunguka ndani ya kama theluthi ya sekunde. Nimelipenda sana wazo lile kwa sababu moja, bawa linajazwa palepale litakapobebea. Halina jana.

Sisi tulirudi Moshi wiki iliyofata, uwanja uleule, muda uleule. Safari hii tulilijaza tena Arusha mchana 4 makusudi, tukashuka nalo, na geji mfukoni. Kabla ya kugusa kitu nikapima: 2.2. Mpwa wangu akapiga pampu ya mkono mpaka 4. Tukapanga chumvi. Jozi saba zimekaa. Tukaongeza ya nane, na vikunyanzi vikatokea palepale. Tukatoa mzigo, bawa likanyooka. Yule mzee wa mahindi alikuja na jirani zake wawili, akashika bawa, akaniuliza bei, nikamwambia bado mzee, hii bado ni bawa sio ndege, na kurusha droni nchi hii kunataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hatujafika huko na hatutaruka kabla.

Kilichobaki ni upande wa pili wa jambo hili hili, ambao unanitisha zaidi kwa sababu hautaonekana asubuhi. Ukijaza 4 Moshi nyuzi 16 alafu ukaliacha kwenye jua la mchana, kitambaa cha rangi kikafika nyuzi 50, hesabu inasema geji itasoma 6. Ukilipakia hivyo hivyo ukapanda nalo geti la Marangu, mita 1,879, unaongeza 1.6 nyingine. Mshono wa mama utavumilia, ule nina imani nao. Sina imani na tyubu ya plastiki, ambayo tumeiunganisha kwa joto la pasi na joto ndo adui yake, inavimba pale penye upenyo wa kitambaa mpaka inapasuka. Kwaiyo kila mrija sasa tunauwekea vali ya kupunguzia, ya aina ile ya mitumbwi ya upepo, ikizidi 5 inaachia yenyewe. Na mirija mitano kila mmoja una vali yake na hauunganiki na mwenzake, mmoja ukipasuka minne inabaki, nguvu inashuka kwa moja ya tano tu badala ya bawa zima kuondoka. Pampu ndogo ya umeme yenye kupima yenyewe mpwa wangu anaitengeneza, ni gramu mia mbili na kitu, anabishana na betri.

Mama nilimfata nyumbani kwake Jumapili, sio kwa simu. Nilibeba daftari, chupa na kile kipande cha mshono. Nilimwomba msamaha kwanza ndo nikaeleza, na alisikiliza yote mpaka ya chupa, akaichukua akaigeuza geuza. Akaniuliza kitu kimoja, kwamba hema la mlimani analoshona lina zile nguzo za upepo siku izi, wageni wanakuja nayo, je wapagazi wanajua kwamba wakilijaza jioni likiwa bado na joto, usiku wa manane kwenye baridi ya Barafu, ile kambi ya juu mlimani, litalegea? Sikua nimefikiria. Jumatatu aliingia karakana na tepu nyeupe na kalamu ya wino, akashona kipande pembeni ya kila vali, na juu yake ameacha nafasi tatu za kuandika kwa mkono: wapi, saa ngapi, geji ngapi.